Nauli za meli za kitalii zimepanda: je, bado inalipa? Hesabu yangu ya Galveston, 2019 na 2025

Binti wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila nikiweka picha za bahari napokea meseji zenye swali lilelile: "Dada, hiyo kruzi mlilipa ngapi?" Nikijibu kwa kifupi nadanganya bila kukusudia, maana bei ya tangazo ni kitu kimoja na pesa inayotoka mfukoni ni kitu kingine kabisa. Leo nimetoa risiti zote kwenye bahasha, nimekaa mezani nikazipanga, na ninazileta hapa kama zilivyo.

Tunaishi nje kidogo ya Houston, Texas. Bandari ya Galveston tunaifikia kwa gari kwa saa moja na ushee. Pale zinatoka meli kwenda Karibiani ya magharibi: Roatán ya Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel za Mexico, halafu zinarudi palepale zilipotokea. Usiku 7. Safari hiyo tumeifanya mara mbili, Juni 2019 na Juni 2025, kampuni ileile, njia ileile, vyumba vya bei ya chini kabisa, vile vya ndani visivyo na dirisha. Tulikuwa watu 5: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye mara zote mbili alikuja kutoka Tanga. Kampuni siitaji, sina nia ya kumchafua mtu.

Kwa ambao hawajawahi: nauli ya meli hizi hupangwa kwa watu 2 ndani ya chumba kimoja. Wa tatu na wa nne mkibanana humo hulipa pungufu. Ukienda peke yako unalipa ya wawili au karibu na hapo. Ndiyo maana mama hatukumchukulia chumba chake. Tulimlaza na binti yangu, sisi tukabaki na kijana.

Mwaka 2019 nauli ya vyumba vyote viwili ilikuwa dola 3,070. Kodi na ada za bandari 650. Bakshishi ya wahudumu, ambayo unakatwa kila siku kwa kila kichwa, hata cha mtoto, ilifika 507. Maegesho ya gari 90. Matumizi ndani ya meli na tuliposhuka, kama 290, sanasana teksi ya kwenda ufukweni Cozumel na picha moja ya familia ambayo mama aliitaka kwa moyo wote. Jumla dola 4,607. Gawanya kwa watu 5 na siku 7, ni kama dola 132 kwa mtu kwa siku: chakula, malazi, usafiri na burudani humohumo.

Mwaka 2025 nauli ilikuwa 4,320. Kodi na ada 800. Bakshishi 630. Maegesho 140. Matumizi ya ndani 810. Jumla dola 6,700, yaani 191 kwa mtu kwa siku.

Nauli peke yake imepanda asilimia 41. Bei za vitu kwa jumla hapa Marekani kati ya Juni 2019 na Juni 2025 zilipanda karibu asilimia 26. Kwa hiyo anayeniambia "kila kitu kimepanda" yuko sahihi nusu tu. Meli yetu ilipanda kuliko vitu vingine.

Tazameni pia hiyo 290 iliyogeuka 810. Hatukuwa wafujaji zaidi ya mwanzo. Intaneti ya simu mbili ilikula 280, kwa kuwa mume wangu kazini anaweza kuitwa wakati wowote. Kahawa nzuri inalipiwa. Migahawa midogo inayovutia kuliko ukumbi mkuu, nayo inalipiwa. Siku ya pili tu binti yangu alisema, "Mama, kila kona kuna mtu ameshika mashine ya kadi." Kweli. Unalipia nauli ya kuingia, halafu ndani kuna soko.

Halafu kuna yale ambayo hayaonekani kwenye risiti. Mwaka 2019 chumba kilisafishwa asubuhi na jioni, na kila jioni tulikuta taulo limekunjwa kuwa mnyama. Usiku wa kwanza alikuwa tembo. Mama alimweka juu ya meza ndogo karibu na taa, akakataa kabisa afunguliwe, akasema huyu ni mgeni wake. Tuliogea taulo moja wiki nzima kwa heshima ya tembo. Safari hii chumba kinasafishwa mara moja kwa siku. Usiku wa kwanza mama aliingia, akatazama kitanda, akatazama meza, akaniuliza: "Tembo yuko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Nikisema thamani imepungua, nasema pia habari ya tembo yule.

Hata hivyo, mimi bado nasema kwetu inalipa. Kabla ya kulipa tulipiga hesabu ya kupanda ndege kwenda Cancún na kukaa hoteli inayojumuisha chakula, watu wale wale 5, wiki ileile. Ilikuja kama dola 7,100. Meli imekuwa rahisi kwa 400. Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa zaidi ya 1,500. Nafuu ipo, ila imeliwa. Na ipo kwa sababu tunaendesha gari hadi bandarini, na kwa sababu tumejaza watu 5 kwenye vyumba 2. Ukiondoa mojawapo ya hayo mawili, nadhani hesabu inageuka.

Naomba michango yenu, hasa walioko nyumbani, Ghuba na Ulaya. Na kama kuna aliyefanya kazi melini, aje atufafanulie hii bakshishi.

Mzee wa Kigamboni

Mleta uzi, asante kwa namba za wazi. Ila nisamehe, dola 6,700 ni zaidi ya shilingi milioni 16. Kwa pesa hiyo mngekuja nyumbani mkakaa Nungwi wiki nzima, mkale pweza, mkaone na ndugu. Bahari ni ileile.

Binti wa Chumbageni

Mzee wangu, shikamoo. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 2023 tulikuja nyumbani, na tiketi za ndege za watu 4 kutoka Houston hadi Dar zilipita dola 7,000 kabla hatujanunua hata soda. Kwa wewe uliye Kigamboni, Nungwi inaishinda meli mara kumi, hilo sibishani nawe. Kwa aliyeko Texas mwenye likizo ya siku 9 na mama mwenye magoti mabovu, hesabu ni nyingine.

Na hili la magoti nililiruka. Mama ana miaka 70. Kwenye meli begi linafunguliwa mara moja. Lifti ipo, choo kiko hatua nne kutoka kitandani, chakula kiko ghorofa moja. Akichoka analala, na kisiwa kinamjia yeye. Kwa wazee sijaona likizo nyingine inayofanya hivyo kwa bei hii.

Baharia wa Likoni

Dada, nimeona unaita, nimekuja. Nimefanya kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli za Karibiani mikataba mitano, kila mmoja miezi minane hadi tisa. Sasa nimetulia nyumbani Mombasa.

Bakshishi kwanza, kwa sababu watu wengi huiona kama wizi. Kwenye kampuni nyingi mshahara wa mhudumu wa chumba au wa mezani umejengwa juu ya pesa hiyo. Kampuni humhakikishia kiasi fulani kwa mwezi, na sehemu kubwa ya kiasi hicho hutoka kwa abiria, si kwa kampuni. Kwa hiyo abiria akienda kaunta siku ya mwisho kusema "niondoleeni," wenye kuumia ni wanaolala ghorofa za chini kabisa za meli, vijana wetu. Mwaka 2025 kampuni ya Carnival walikata dola 16 kwa mtu kwa siku vyumba vya kawaida, Royal Caribbean 18.50, Norwegian 20. Mimi naona heri hiyo pesa ingeingizwa kwenye nauli ikaisha. Lakini ikiingizwa tangazo litaonekana ghali, na hapo ndipo penye ugumu wote.

Kuhusu usafi wa mara moja: makampuni makubwa kadhaa yalifanya hivyo mwaka 2023. Msidhani mhudumu alipumzika. Ziara zilipungua, vyumba vikaongezwa. Nilipoanza nilikuwa na vyumba 16 hivi, mkataba wa mwisho nilipita 20. Mkataba wa Kazi za Ubaharia wa 2006 unasema mtu apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika saa 24, na saa 77 kwa wiki. Hebu zigeuze hizo saa uone zilizobaki za kazi ni ngapi.

Yule tembo wa mama ni kazi ya dakika mbili kwa mkono uliozoea. Ukiwa na vyumba 20, ni dakika 40. Ndiyo maana ameondoka.

Binti wa Chumbageni

Kaka wa Likoni, umenitoa machozi, na sasa lazima nimalize habari ya tembo.

Usiku wa tatu mhudumu wetu alisikia mama akinisemesha Kiswahili kwenye korido. Kumbe ni kijana wa Kilifi. Aliweka chini ndoo yake, akainama, akasema, "Shikamoo mama." Mama alimshika mikono yote miwili, akamuuliza ukoo wake, amekula, na lini alizungumza na mamake mara ya mwisho. Kesho yake usiku tembo alikuwa juu ya meza karibu na taa. Hakuna aliyemwagiza. Alimkunja mwenyewe, kwa muda wake.

Siku ya mwisho tulimpa cha kwake mkononi, mbali na kile cha kukatwa. Nawaomba mnaosafiri, mkipata nafasi fanyeni hivyo.

Mhasibu wa Kinondoni

Uzi mzuri. Niongeze upande wa makampuni, maana kupanda huku kuna chanzo.

Machi 2020 mamlaka za afya za Marekani zilisimamisha safari zote. Meli ya kwanza kubwa kutoka bandari ya Marekani na abiria wa kulipa iliondoka mwishoni mwa Juni 2021. Fikiria biashara yenye meli za mamia ya mamilioni ya dola, karibu hakuna mapato kwa mwaka na miezi mitatu, na meli haizimwi kama duka. Lazima iwe na wafanyakazi, mafuta, bima. Walikopa. Carnival peke yake ilifika mwanzoni mwa 2023 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 35, na mikopo mingine ilichukuliwa kwa riba za kuumiza. Deni hilo hulipwa na nani? Na anayenunua tiketi.

Lakini deni pekee halipandishi bei kama hakuna wanunuzi. Chama cha makampuni hayo, CLIA, kilihesabu abiria milioni 29.7 mwaka 2019, milioni 31.7 mwaka 2023 na milioni 34.6 mwaka 2024. Vyumba vinajaa. Carnival ilipata mapato ya dola bilioni 25 mwaka 2024, rekodi kwake. Mwenye duka akiona foleni mlangoni hashushi bei.

Kwa hiyo wanaosubiri bei za 2019 zirudi, mimi sioni zikirudi karibuni. Meli mpya zinaendelea kuja, na nyingi ni kubwa kuliko za zamani. Icon of the Seas, iliyoanza safari Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Meli ya namna hiyo gharama kwa kichwa inapungua, ila bei yake iko juu. Nafuu iko kwenye meli za zamani.

Mswahili wa Ruwi

Assalaam alaykum. Nipo Muscat miaka 19, asili yangu Pemba. Huku Ghuba habari ni tofauti kidogo na nawashauri wa nyumbani waitazame.

Meli huja kipindi cha baridi, Novemba hadi Machi hivi, na joto likianza zinakimbilia Ulaya. Zinatoka Dubai na Doha, zinazunguka Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas, Manama ya Bahrain, na baadhi hupita Muscat. Msimu wa 2024 kuingia 2025 kampuni ya MSC walileta meli yao Euribia. Familia yetu tulipanda Januari. Nauli yake kwa siku ilikuwa chini ya hiyo ya Galveston kwa mbali, kwa vile huku ushindani wa hoteli ni mkubwa na si wengi wanaojua kama meli zipo. Chumba chetu kilikuwa na balkoni, na Alfajiri tuliswali tukiwa tunaiona Manama inakaribia.

Gharama iliyotushangaza ni maji. Kwenye chakula cha usiku maji ya chupa yanalipiwa, na sisi ni watu 6. Ya bure yapo, kwenye bufee, ujaze mwenyewe.

Anayetoka Dar au Mombasa aangalie viza ya Emarati kabla ya yote. Meli ikitoka Dubai ikaenda Bahrain au Qatar, ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja haitoshi.

Pwani Halisi

Mimi swali langu ni moja. Kwa nini hatuwezi kupanda Mombasa au Zanzibar? Meli tunaziona zikija, watalii wanashuka, wananunua vinyago, wanaondoka. Sisi tunapiga picha kwa mbali.

Baharia wa Likoni

Pwani, zamani ilikuwapo. Miaka ya 1990 meli ya Royal Star ilikuwa ikitokea Kilindini kwenda Zanzibar na visiwa vya Bahari ya Hindi. Wazee wa Mombasa wanaikumbuka, wengine walifanya kazi humo. Halafu ukaja uharamia wa Wasomali. Aprili 2009 maharamia waliishambulia MSC Melody kaskazini mwa Seychelles ikiwa na abiria wapatao 1,000, ikitoka Durban kwenda Italia. Hakutekwa mtu, lakini baada ya hapo makampuni mengi yaliikwepa pwani yetu kwa miaka.

Sasa Mombasa ina jengo la abiria wa meli za kitalii pale gati namba 1, zuri kabisa, na meli zinakuja kila msimu. Zinapita tu. Abiria wake wamepandia Cape Town, Ulaya au Mauritius. Kampuni inataka uwanja wa ndege wenye safari nyingi za bei ndogo na watu maelfu wa kujaza meli kila wiki. Sisi tuna bahari na tuna jengo. Wateja wa kila wiki ndio hatuna, bado.

Na tangu Bahari ya Shamu ichafuke kwa mashambulizi dhidi ya meli mwishoni mwa 2023, meli zinazohama kati ya Ulaya na Asia nyingi zimezungukia Rasi ya Tumaini Jema. Hilo nalo limeongeza mafuta na siku.

Kijana wa Durban

Kwa wa Afrika Mashariki, Durban ndiyo karibu. MSC huleta meli kila kiangazi cha huku, Novemba hadi Aprili hivi, usiku 3 au 4 kwenda Pomene au kisiwa kidogo karibu na Inhaca, Msumbiji. Mtanzania na Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi mafupi. Ila tafadhali msiangalie rand za kwenye tangazo. Ongeza ada za bandari, bima na tozo ya huduma, ndipo upate bei. Na upepo ukiwa mbaya Pomene hamshuki, meli inaelea tu. Imewahi kunikuta: usiku 3 na hatukukanyaga mchanga hata mara moja. Nauli haikurudi.

Shangazi wa Hamburg

Nawasalimu. Nyongeza ya Ulaya. Tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza kila abiria wa meli anayeshuka Santorini au Mykonos euro 20 katika msimu wa juu. Mexico nayo imeanza dola 5 kwa kichwa Julai 2025 na imepanga kupandisha hatua kwa hatua hadi 21 mwaka 2028. Dada wa Galveston, njia yako ya Cozumel inaguswa hapo, ile 800 yenu itakua. Visiwa na miji imechoka kupokea watu elfu tano asubuhi wanaokunywa maji ya meli na kuondoka jioni, na mimi siwalaumu.

Kwa wenye pasi zetu: ada ya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024. Njia ya Mediterania ikipita Uturuki au Montenegro umetoka Schengen, kwa hiyo uombe ya kuingia mara nyingi. Rafiki yangu kutoka Arusha alizuiwa bandarini kwa hilo, mizigo ikiwa tayari imeshapanda. Aliishia kukaa hotelini siku 7 akisubiri wenzake.

Kwa wasio na watoto wa shule: tafuteni safari za kuhamisha meli. Aprili na Mei zinatoka Karibiani kuja Ulaya, Oktoba na Novemba zinarudi. Siku nyingi za bahari tupu, na bei kwa siku wakati mwingine ni nusu ya ile ya kawaida. Mimi napenda bahari tupu. Nilisoma, nilifuma, nililala. Tiketi ya ndege ya kurudi muihesabu lakini, inaweza kuila nafuu yote.

Msomaji Kimya

Mimi mgeni. Vile vifurushi vya vinywaji, unalipa bei moja ukanywa safari nzima, ni vya lazima?

Binti wa Chumbageni

Karibu sana. Si vya lazima, na kwetu hatujawahi kununua. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida na maji ya matunda ya asubuhi ni bure. Jihadhari na mambo mawili. Bei ya kifurushi cha pombe unayoiona huongezewa asilimia 18 au zaidi ya huduma. Na kwenye makampuni mengi mtu mzima mmoja akinunua, watu wazima wote wa chumba kile lazima wanunue. Mume anayekunywa na mke asiyekunywa wanalipia wawili. Nimeona wanandoa wakikwaruzana kaunta kwa hilo siku ya kwanza ya likizo.

Safari za ufukweni za kampuni nazo hatununui. Cozumel unatoka gatini, unapanga foleni ya teksi, bei zimebandikwa ubaoni. Sisi 5 tulienda na kurudi kwa pesa ambayo kampuni ilitaka kwa mtu mmoja na nusu. Ila saa yenu iwe ya meli, si ya simu, na mrudi saa moja na nusu kabla. Ukichelewa na safari yako mwenyewe, meli inaondoka. Tuliona mama mmoja akikimbia gatini viatu mkononi, kamba zimeshafunguliwa. Watu walishangilia. Mimi sikuweza, nilijiona mimi pale na mama yangu.

Mwenye viza ya Marekani kama mama: hakikisheni inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na ulizeni kampuni kwa maandishi kuhusu kila nchi mtakayoshuka kabla ya kulipa. Mexico inamkubali mwenye viza hai ya Marekani.

Na jambo lililonisaidia kuliko yote. California ilipitisha sheria iliyoanza Julai 2024 ya kutaka bei ya tangazo iwe na ada zote za lazima, na makampuni makubwa yakabadilisha matangazo yao Marekani nzima. Kwa hiyo sasa bei ya kwanza ina kodi na ada za bandari. Bakshishi bado haimo. Iongezeni wenyewe, gawanyeni kwa siku, gawanyeni kwa watu, ndipo mlinganishe na hoteli.

Mzee wa Kigamboni

Marahaba binti yangu, nilisahau kuitikia. Nimesoma yote. Sasa niambie ukweli, mtarudi?

Binti wa Chumbageni

Mzee wangu, familia nzima mwezi wa Juni, hapana. Kwa dola 191 nimefika mwisho wangu. Ikipita 200 tutakodi nyumba pale pale Galveston, tupike wenyewe.

Lakini mama anaondoka kurudi Tanga wiki ya pili ya Desemba, na siku kati ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba, na Krismasi wasafiri hupungua na bei hushuka. Tumelipa amana, mimi na yeye tu, chumba kimoja, usiku 5. Meli ya zamani, haina mteremko wa maji wala mgahawa wa kulipia hata mmoja ninaoutaka. Ni dola 112 kwa mtu kwa siku, bakshishi ikiwamo.

Tarehe ya kumaliza malipo bado, na kabla ya tarehe hiyo bei ikishuka unaweza kudai tofauti ukiomba mwenyewe, hawakutafuti. Basi kila asubuhi kabla ya zamu nafungua ukurasa wao nikiwa bado kwenye gari. Leo imeshuka dola 60 kwa chumba. Nimepiga simu, nimesubiri dakika 35, wamenirekebishia. Mama nimemwambia nilikuwa kwenye foleni ya mafuta.